Kabla ya Kushika Spana, Soma Kitabu

Msomaji mpenzi, tuseme una mtoto, au mdogo wako, au mpwa wako aliyekwenda Marekani kusoma au kufanya kazi. Siku moja akupigia simu, sauti yake imejaa furaha. "Baba, nimenunua Toyota Corolla kuukuu kidogo, lakini injini yake nzima. Jumamosi ijayo naingia katika mashindano ya motokaa."

Moyo wako washtuka. Wafikiri motokaa zikikimbizana, zikigongana, zikiwaka moto. Tulia kwanza. Huenda mashindano anayokuambia siyo hayo. Huenda ni mchezo uitwao autokrosi, nao ni mchezo wa watu wa kawaida wenye motokaa za kawaida, zile zile wanazoendea kazini na sokoni.

Hatari ya mchezo huu kwa kijana wako si ya shingo sana, bali ya mfuko. Maana vijana wengi hukimbilia dukani, hununua hiki na kile, hubadilisha motokaa usiku na mchana. Siku ya mashindano ikifika, waambiwa: "Pole, ndugu. Motokaa yako si ya daraja hili." Fedha imekwisha, na kushindana na wenzake wa kiasi chake hawezi tena. Basi leo tuelezane jambo hili vizuri, ili ujue la kumwambia kabla hajashika spana.

MCHEZO WENYEWE

Autokrosi ya Marekani huchezwa mahali pa lami palipo wazi, kama vile uwanja mkubwa wa kuegesha motokaa au kiwanja cha ndege cha zamani. Wenye mchezo hupanga koni za plastiki, zile za rangi ya chungwa unazoziona mahali barabara inapotengenezwa. Koni hizo zafanya njia nyembamba yenye kona nyingi. Motokaa yaingia njiani, na saa yaanza kuhesabu. Dereva hashindani bega kwa bega na mwenzake. Ashindana na saa tu.

Safari moja mara nyingi ni ya dakika moja au pungufu, na mwendo hauzidi sana ule wa barabara kuu. Ukiangusha koni moja, waongezewa sekunde 2. Ukiangusha mbili, sekunde 4. Ukipotea njia, safari hiyo haihesabiwi. Dereva hupewa nafasi tatu au zaidi, na ile iliyo bora ndiyo ihesabiwayo.

Chama kikubwa cha mchezo huu ni Sports Car Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1944. Mchezo wenyewe hukiita Solo, yaani peke yako. Mashindano yake ya kwanza ya taifa zima yalifanyika mwaka 1973, na kwa miaka mingi sasa madereva hukutana mjini Lincoln, katika jimbo la Nebraska. Huko kila dereva hupita njia mbili kwa siku mbili, na muda wake bora wa kila njia hujumlishwa.

Kabla ya kuanza, kila motokaa hukaguliwa. Mkaguzi atazama kama nati za magurudumu zimekaza, kama betri imefungwa imara, kama breki zakamata, kama mikanda ni mizima, kama hakuna mafuta yanayovuja. Kila kitu kisichofungwa ndani ya motokaa hutolewa: chupa, zulia la miguuni, viatu, hata kalamu. Dereva huvaa helmeti. Na motokaa ndefu kwenda juu yenye upana mdogo hazikubaliwi, maana katika kona kali zaweza kupinduka. Basi kijana mwenye basi dogo la abiria, au gari la juu la kupitia porini, hana nafasi hapa hata akiwa hodari namna gani.

KWA NINI MADARAJA?

Labda wauliza: kwa nini motokaa zote zisishindane pamoja, na aliye mwepesi ashinde? Jibu ni rahisi. Zikishindana zote pamoja, mfuko ndio utakaoshinda. Tajiri ataleta motokaa ya bei kubwa, na kijana wa Corolla ataondoka kabla ya jua la mchana, wala hatarudi tena.

Jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Wazee watakumbuka mashindano ya Coronation Safari ya mwaka 1953, yaliyopita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo baadaye yakawa Safari Rally. Mwanzoni kabisa motokaa ziligawanywa katika madaraja kwa bei zake dukani. Ya bei ndogo ilishindana na ya bei ndogo. Hivyo hata mwenye motokaa nyonge alikuwa na watu wa kiasi chake wa kupimana nao.

Wamarekani wa autokrosi wamefuata njia nyingine. Wao huuliza maswali mawili. La kwanza: motokaa hii ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu gani na wepesi gani? La pili: tangu ilipotoka kiwandani, mwenyewe ameibadilisha kwa kiasi gani? Kwa swali la pili wamepata makundi. Kundi la Street ni la motokaa ambazo karibu hazikuguswa. Kundi la Street Touring ni la zile zilizobadilishwa kiasi, lakini bado zaenda barabarani. Juu yake yako makundi ya waliobadilisha zaidi na zaidi, mpaka ufike katika Prepared na Modified. Huko motokaa nyingine haina viti vya abiria wala haiwezi kwenda sokoni. Huletwa mchezoni juu ya trela.

Na ndani ya kila kundi mna madaraja. Corolla ya kawaida, ikiwa haijaguswa, hukaa katika daraja la H Street pamoja na motokaa ndogo za kila siku. Hapo ndipo nyumbani kwake. Nyumbani kwake ni heri akae.

LISILOANDIKWA HALIRUHUSIWI

Sasa shika neno hili, msomaji, maana ndilo shina la mambo yote. Katika maisha yetu ya kila siku twafikiri hivi: lisilokatazwa ni halali. Katika kitabu cha sheria za autokrosi mambo ni kinyume. Lisiloandikwa kwamba ni ruhusa, ni marufuku.

Mathalani, jirani yako akuambia: "Ndugu, chuma maembe ya mti ule." Je, hukumsikia akikataza machungwa, basi utachuma na machungwa? La. Amekupa ruhusa ya maembe, nayo yaishia katika maembe. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema na dereva. Kikikupa ruhusa ya kubadilisha shokapu, hakikukupa ruhusa ya kubadilisha springi, ingawa vitu hivyo viwili vimekaa pamoja.

Vijana wengi huanguka hapa. Hupekua kitabu kutafuta neno "marufuku", hawalioni, wakafurahi. Kumbe walipaswa kutafuta neno "ruhusa".

YALIYO HALALI KATIKA KUNDI LA STREET

Tuangalie basi kundi la chini, maana ndilo wanaloanzia wengi. Ruhusa zake kubwa ni hizi.

Matairi. Waweza kuweka tairi la aina uipendayo, maadamu laingia katika rimu bila kugusa bodi, na namba yake ya uchakavu si chini ya 200. Namba hiyo tutaieleza hapa chini.

Rimu. Waweza kununua rimu nyingine, lakini upana wake uwe ule ule wa kiwandani. Urefu wa kukatisha katikati waweza kuzidi au kupungua kwa inchi 1 tu. Na rimu isitokeze nje wala kuingia ndani kupita milimita 7 kuliko ile ya kwanza.

Shokapu. Waweza kuweka za kampuni nyingine, hata zenye vifungo vya kurekebisha ugumu, visizidi viwili. Lakini kikalio cha springi kibaki pale pale kilipokuwa.

Stebilaiza. Hii ni ile fimbo ya chuma inayoizuia motokaa isilale upande katika kona. Waweza kubadilisha ya mbele au ya nyuma. Moja tu, si zote mbili.

Breki. Pedi ni ruhusa kubadilisha. Nalo ni jambo jema, maana pedi nzuri ni usalama kwanza.

Bomba la moshi. Sehemu iliyo nyuma ya chombo cha kusafisha moshi waweza kuibadilisha, mradi kelele isizidi kipimo. Chombo chenyewe usikiguse. Hata nje ya mchezo, sheria ya Marekani yakataza kukiondoa katika motokaa ya barabarani.

Chujio la hewa. Kile kichujio cha ndani waweza kubadilisha. Sanduku lake na mabomba yake, la.

Mwisho, tairi la akiba na jeki waweza kuviacha nyumbani. Redio, rangi na mapambo ni shauri lako, maadamu havipunguzi uzito wa motokaa wala kuiongezea wepesi.

YASIYO HALALI

Kutokana na hayo waona mwenyewe yaliyobaki nje. Kukata springi ili motokaa ikae chini: si halali. Kuweka springi fupi za dukani: si halali. Rimu pana: si halali. Kung'oa viti vya nyuma ili motokaa iwe nyepesi: si halali. Kubadilisha maagizo ndani ya kompyuta ya injini: si halali. Kuweka bomba kubwa la kuvutia hewa: si halali. Hata kama kila kimoja ni kizuri, hata kama fundi amekifunga kwa ustadi, hata kama polisi wa barabarani hana neno nacho.

Hapa vijana hukasirika. Husema: "Lakini springi zangu hazinisaidii kitu! Nilizikata kwa urembo tu!" Yawezekana kabisa. Mara nyingi motokaa iliyokatwa springi hukamata lami vibaya kuliko mwanzo. Lakini mkaguzi haulizi kama zimekusaidia. Auliza kama zimeandikwa.

SPRINGI NNE ZAPANDISHA MOTOKAA NZIMA

Na mtu akiwa amekwisha zikata, je, hufukuzwa? Hafukuzwi. Huhamishwa kwenda kundi la juu. Nalo ndilo jambo la kusikitisha.

Tuseme kijana wako amebadilisha springi tu, mengine yote ni ya kiwandani. Motokaa yake yatoka Street yaingia Street Touring, kwa kuwa huko springi ni ruhusa. Lakini huko si springi peke yake zilizo ruhusa. Wenzake wa huko wameweka na rimu pana zaidi. Wamebadilisha njia ya hewa ya injini. Wamebadilisha maagizo ya kompyuta. Wamefunga stebilaiza mbele na nyuma. Wao wametumia ruhusa zote kumi. Yeye ametumia moja. Amekuwa kama mtu aliyekwenda vitani na kisu, akakuta wenzake wote wana mikuki.

Basi sasa ana njia mbili. Ama atumie fedha nyingi awafikie, ama arudishe springi za kwanza. Na kama alizikata, hazirudi tena. Lazima anunue nyingine. Ndiyo maana madereva wa zamani huwaambia wageni: kila kitu unachokitoa, kiweke mahali pakavu, wala usikitupe wala kukiuza.

Tena kumbuka: jambo moja lisilo halali laitia doa motokaa nzima. Huwezi kusema, "Nina makosa moja tu, nivumilieni." Daraja halina nusu.

HABARI YA TAIRI

Nimesema tutaeleza namba ya uchakavu. Katika Marekani kila tairi la motokaa ndogo, isipokuwa aina chache, lazima liandikwe ubavuni namba inayoonyesha litadumu kiasi gani. Tairi la kupimia lina namba 100. Tairi lenye 200 latazamiwa kudumu mara mbili ya hilo katika jaribio, na lenye 400 mara nne. Kwa kawaida tairi laini hukamata lami sana lakini huisha upesi. Namba yake ni ndogo. Tairi gumu hudumu, lakini huteleza mapema.

Hapo zamani kundi la chini liliitwa Stock, na madereva waliruhusiwa kutumia matairi laini mno, karibu ya mashindano halisi. Hapo ndipo kundi la watu wa kawaida lilipoanza kuwalemea watu wa kawaida. Motokaa ilikuwa ya bei nafuu, lakini asiyenunua seti mpya ya matairi hayo mara kwa mara hakuweza kushinda. Tena hayakufaa kuendea kazini, ikabidi mtu awe na seti mbili. Mwaka 2014 chama kikabadili mambo: kundi likaitwa Street, na matairi yale yakaondolewa. Siku hizi mipaka ni hiyo 200, na tairi lililokuleta mchezoni laweza kukurudisha nyumbani.

Waona, msomaji, sheria ya namba moja tu ubavuni mwa tairi ilivyomrudisha mtu wa kipato kidogo mezani. Si kwamba mipaka hiyo haina werevu wake. Namba hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, na matairi mawili yenye 200 hayalingani kwa kukamata. Lakini mlango mkubwa wa fedha umefungwa.

NANI ATAJUA?

Mwingine atasema kimoyomoyo: "Nikiweka springi ndani, nani ataziona? Nikibadilisha kompyuta, nani atasoma?"

Wapo watakaojua. Dereva yeyote katika daraja lako ana haki ya kuandika malalamiko juu ya motokaa yako. Hutoa fedha kwanza, ili watu wasilalamike ovyo. Ikibidi kufungua injini, mlalamikaji huweka amana ya gharama za kazi hiyo. Motokaa ikionekana safi, amana hiyo humwendea mwenye motokaa. Ikionekana si halali, matokeo ya dereva hufutwa, tena mbele ya watu waliomshangilia.

Lakini katika mashindano madogo ya mtaani malalamiko ni machache. Watu hufahamiana. Hupeana spana, huazimana pampu, huendesha hata motokaa moja watu wawili kwa zamu. Mtu akivunja sheria kwa siri mahali kama hapo, hamwibii tajiri wa mbali. Amwibia jirani yake aliyemshikia tochi jana usiku akifunga gurudumu.

NA ALIYE PEKE YAKE?

Huenda kijana akafika akakuta daraja lake lina watu wawili tu, au yuko peke yake. Kuna dawa ya hilo. Wamepanga namba ya kulinganishia kwa kila daraja. Muda wako huzidishwa kwa namba hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, daraja lako lina namba 0.8, nawe umetumia sekunde 60. Muda wako wa kulinganisha ni sekunde 48. Hivyo Corolla yaweza kupimwa na motokaa kubwa za bei ya nyumba, na dereva hodari wa Corolla aweza kuwa juu yao. Lakini hesabu hiyo yaona motokaa yako kana kwamba umetumia kila ruhusa ya daraja lako. Ukijipandisha daraja kwa springi nne tu, namba nayo yakupandia.

LA KUMWAMBIA KIJANA

Basi akikupigia simu tena, mwambie haya.

Kwanza, aende na motokaa kama ilivyo. Asinunue kitu. Msimu wa kwanza kinachochelewesha ni dereva, si motokaa. Fedha aliyonayo alipie nafasi ya kuendesha, na petroli, na pedi nzuri za breki, na matairi yakiwa yamekwisha.

Pili, apate kitabu cha mwaka huu. Sheria hurekebishwa kila mwaka; motokaa huhamishwa daraja, ruhusa huongezwa au kuondolewa. Kitabu cha mwaka juzi alichopewa na rafiki kitampoteza.

Tatu, asome kwanza sehemu ya kundi lake yote, si mstari mmoja. Akitaka kununua kitu, atafute mstari unaokiruhusu, auwekee kidole. Kidole kikikosa mahali pa kukaa, asinunue.

Nne, asimsadiki muuza vipuri. Muuza vipuri akisema "hiki ni halali", huenda ana maana ya sheria ya barabarani. Hiyo ni sheria nyingine.

Tano, kila chama kina kitabu chake. Uingereza mchezo wenye jina hili hili huchezwa mashambani, juu ya majani. Kenya nako kuna autokrosi katika viwanja vya udongo, na madaraja yake ni mengine kabisa. Sheria za Lincoln hazimsaidii mtu wa Nairobi.

Nawe msomaji ambaye huna mtoto Marekani wala Corolla, usidhani habari hii haikuhusu. Labda una kijana hapo hapo nyumbani anayejifunza ufundi katika gereji, naye jioni huota kukata springi za gari la mwajiri wake. Mwite, mkae chini, umsomee. Mwulize swali hili moja: "Kabla hujakata, nani amekuruhusu, na imeandikwa wapi?" Akiweza kujibu, mpe msumeno. Asipoweza, uweke juu ya dari mpaka kesho.